Kumngojea Bibi wa Chumba Namba Tisa

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya mkuu wa idara imesukumwa chini ya mlango wa ofisi yangu. Hakubisha hodi. Dalili mbaya.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi. Kamati itakaa Ijumaa ya tarehe ishirini na moja. Nafasi ni moja, waombaji wawili: mimi na Tanbihi.

Tanbihi ni mwanafunzi wangu wa zamani, sasa mhadhiri mwenzangu. Jina hilo nimempa mimi, kwa sababu hajawahi kusoma kitabu asikute kosa kwenye tanbihi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kina shahada ya uzamivu niliyoitia sahihi mwenyewe.

Bila mkataba, hakuna kibali cha kuishi hapa. Nina miaka sitini na minane. Nilifika nchi hii miaka thelathini na mmoja iliyopita, na begi moja na rasimu ya kitabu. Begi lilichakaa likatupwa. Kitabu bado ni rasimu.

Kinachokosekana ni sura ya mwisho tu. Kule kwetu palikuwa na nyumba ya sala. Wanawake kumi na sita walitoka kwa waume zao wakaenda kuishi humo, wawili wawili, kila wawili chumba kimoja na taa moja, baada ya kula kiapo mbele ya madhabahu. Watu waliwaita Dada wa Taa Moja. Kazi yangu yote ni swali moja: wale wawili waliapiana nini? Viongozi wa dini wanasema udugu wa ibada. Vijana wa idara wanasema mapenzi. Mimi nimesema yote mawili, katika makala tofauti.

Wamekwisha wote, amebaki mmoja. Bibi ana miaka tisini na mmoja, naye alihamia huku kama mimi, yuko nyumba ya wazee ng'ambo ya reli, chumba namba tisa. Nilimrekodi miaka ishirini na miwili iliyopita, kwa lugha ya kwetu, ambayo sasa sijui wengine wanaoizungumza ila yeye na mimi. Alinijibu. Kisha akataka kanda ifungwe mpaka afe. Ikafungwa kwenye kasha, katika hifadhi ya nyaraka ya chuo, kwa fomu niliyoitunga mwenyewe.

Simtakii mtu kifo. Naliandika hili liwe wazi. Naona tu, kama mwanahistoria, kwamba watu hufa.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa kwanza: kumshawishi aifungue akiwa hai. Nimekwenda na machungwa sita.

Alinitambua kwa kikohozi kabla sijaingia. Akaniuliza nimepotelea wapi tangu mwaka uliopita. Nikasema kazi. Akasema kazi gani hiyo, ya kuandika habari zake bila kuja kumwona.

Nikamweleza juu ya kamati, mkataba, sura ya mwisho. Nilisema kwa unyenyekevu, nikiwa nimeinamisha kichwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikwambia lini ifunguliwe?"

Ukifa, bibi.

"Nimekufa?"

Nikakiri kwamba bado.

"Basi nimenyee chungwa, mwanangu, uache kunitazama kama saa ya ukutani."

Alikula manne. Muuguzi alinifuata kwenye korido karibu machozi yamtoke. Kumbe Bibi hakuwa ametia kitu kinywani tangu Jumapili! Akanishika mikono yote miwili, akasema nimemrudisha duniani.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka kuongea na mtu.

Naweza kuiandika ile sura kwa kumbukumbu? Nilikuwepo, masikio yalikuwa yangu. Tatizo ni kwamba mwaka ule wa kwanza nilikumbuka amesema waliapiana udugu. Nilipobadili nadharia nikakumbuka amesema mengine. Kila nadharia yangu inapohama, kumbukumbu inaifuata nyuma kama mbwa. Na mwanahistoria anayejua jambo bila ushahidi ni mmbea tu, mwenye miwani.

Ijumaa, 7 Machi

Usaliti!

Nimepekua daftari la wageni pale mapokezi. Tanbihi humtembelea Bibi kila Jumanne na Jumamosi. Tangu mwaka juzi! Hawana hata lugha ya pamoja. Bibi anajua maneno machache ya hapa, yale ya hospitali na sokoni. Wanafanya nini humo ndani? Muuguzi anasema Tanbihi humkata kucha na kumchana nywele, kisha wanakaa.

Wanakaa tu.

Miaka ishirini na miwili sikuwahi kufikiria habari ya kucha.

Nilimkabili jikoni pale idarani, anasuuza kikombe. Nikamwambia kumpaka mafuta shahidi si mbinu ya utafiti. Akasema yeye hafanyi utafiti kule. Nikasema kila mtu anafanya utafiti. Akanivutia kiti, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara, akasema kwa upole kwamba labda wanawake wale wamechunguliwa na wanaume vya kutosha. Nikamjibu kuwa mwanahistoria aliyemo kazini hana jinsia.

"Mwalimu," akasema, "hata kwenye foleni ya choo una jinsia."

Katibu wa idara alicheka mpaka akamwaga maziwa. Nami nilipaswa kuondoka kwa hadhi, ila nilivuta mlango ambao husukumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mpango wa pili: hifadhi ya nyaraka. Mtunza nyaraka ni mtu mwembamba anayeongea kama kwamba karatasi zimelala. Nimemwambia nahofia hali ya kanda, unyevu, ukungu, na kadhalika. Kama mtaalamu nilitaka kuikagua.

Alininawisha mikono mara mbili. Akanivisha glavu. Akalileta kasha, akaliweka mezani, limefungwa kwa utepe na muhuri wa nta. Akasema nikague.

Nikasema nataka kukagua kilichomo.

Akasema kilichomo kimo.

Nilibaki nalo dakika kumi. Nikalinusa. Nikalitikisa kidogo. Nikaweka sikio juu ya kifuniko, sijui kwa nini, na hapo hapo akainua macho. Ameandika katika taarifa yake ya siku: "Msomaji alisikiliza kasha." Na taarifa zile hutumwa kwa mkuu wa idara.

Jumatano, 12 Machi

Bibi anaumwa. Kifua. Muuguzi amepiga simu mwenyewe, anadhani mimi ni ndugu.

Nilisikitika kweli. Kisha nikatoa suti nyeusi kabatini nikaona imeliwa na nondo mkono wa kulia.

Nimeandika taazia, iwe tayari. Kurasa tatu, tanbihi kumi na nne. Ni maandishi yangu bora kwa miaka mingi. Kifo kina nidhamu, kinamlazimisha mtu kumaliza sentensi.

Alhamisi, 13 Machi

Aibu kubwa. Naiandika haraka iishe.

Nilimkuta amelala, uso umeingia ndani. Nikakaa. Baada ya muda akafungua jicho moja akasema nimsomee kitu, lugha ya kwetu, chochote kile, masikio yake yana njaa. Sikuwa na kitu. Akaniambia mkoba wangu umejaa makaratasi, mtu wa vitabu asimdanganye. Akatia mkono mwenyewe, akatoa karatasi, akanipa.

Ilikuwa taazia.

Nilifikiri kubuni kitu kingine papo hapo. Lakini jina lake lilikuwa juu kwa herufi kubwa, na jicho lile halikufumbwa. Nikamsomea, nikitafsiri. Niliruka neno "marehemu" mara tano. Mara ya sita likanitoka.

Kisha akaniambia nianze tena pole pole, maana kuna makosa.

Hakuzaliwa mwaka ule, ni miwili kabla. Mume wake hakuwa mkatili kama nilivyoandika, alikuwa mchovu, na uchovu wa mtu haumfanyi kuwa katili. Aliondoka kwake kwa sababu nyingine. Ipi? Akasema imo kwenye kanda. Aliniamuru nifute "mnyenyekevu". Aliniamuru nifute "mtumishi mwaminifu", hakuwa mtumishi wa mtu. Nilipoandika kwamba alimuuguza mwenzake wa taa moja hadi mwisho, akasema hilo liache, ila si "mwenzake". Nikauliza niandike nani. Akasema niandike jina lake, alikuwa na jina.

Kisha akaomba mto wa pili. Akakaa! Akaita supu! Muuguzi anasema hasira imemfungua kifua.

Nikiwa mlangoni akauliza kama huwa ninaongea na mtu lugha ya kwetu, siku ambazo siji. Nikasema huwa naisoma.

"Lugha haisomwi peke yake, mwanangu. Njoo kesho tupige soga. Usilete karatasi."

Kesho nina rasimu ya maombi ya kamati. Nitakwenda wiki ijayo.

Jumamosi, 15 Machi

Binti yangu amepiga simu kutoka kwake, nchi ya mbali, saa ya chai. Anataka nikaishi naye. Ana chumba, dirisha lina jua, wajukuu wataniita babu kila saa. Nimemwambia mimi si sanduku la kuhamishwa. Akasema, Baba, ulikuwa sanduku tangu sijazaliwa.

Ana ulimi huyu mtoto. Ila wa lugha za ugenini tu. Ya kwetu sikumfundisha. Miaka ile nilikuwa na shughuli nyingi za kuandika juu ya umuhimu wa lugha za mama.

Akauliza habari ya Bibi wa chumba namba tisa.

Nikajibu: "Bahati mbaya, anaendelea vizuri."

Simu ilinyamaza. Nilidhani laini imekatika. Haikukatika.

Jumanne, 18 Machi

Bibi amefariki leo saa nane mchana.

Sikuwepo. Nilikuwa hifadhi ya nyaraka, nikimuuliza mtunza nyaraka utaratibu ukoje iwapo mhojiwa atafariki katikati ya wiki. Alisema ni utaratibu ule ule wa mwisho wa wiki. Nilipofika chumba namba tisa shuka lilikuwa limekwisha vutwa.

Tanbihi alikuwa kitini, macho mekundu. Ndiye aliyekuwepo, ilikuwa Jumanne yake. Amenieleza yote bila mimi kuuliza. Bibi aliamka mchangamfu. Akanitaka mimi pia, yaani aliuliza yuko wapi yule wa kikohozi, kwa ishara, akijigonga kifua. Wakanipigia simu. Ilikuwa imezimwa, maana hifadhini simu huzimwa.

Kisha akaanza kusema. Lugha ya kwetu. Alisema kwa muda mrefu, dakika kumi, labda kumi na tano, bila kupumzika, akimtazama Tanbihi usoni. Mara alicheka. Mara alitaja jina, lile lile, mara nyingi. Muuguzi alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, bila kuelewa neno. Halafu akanyamaza kama mtu aliyefika nyumbani akaweka mzigo.

Dakika kumi na tano!

Nikamuuliza kama alirekodi.

Akanitazama.

Nikasema simu anayo mkononi, kitufe ni kimoja, mtoto wa chekechea anakibonyeza.

"Mwalimu," akasema, "mkono wenyewe ndio niliokuwa nimemshikia."

Huo ndio usomi wa siku hizi.

Jumatano, 19 Machi

Lakini! Tuwe watu wazima. Kanda bado ipo. Kamati ni keshokutwa. Siku moja ya kusikiliza, siku moja ya kuandika.

Saa tatu asubuhi nilikuwa mlangoni pa hifadhi na nakala ya hati ya kifo. Mtunza nyaraka alinipa pole kwa muda unaofaa. Akaileta fomu. Akaisoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari.

Akasema masikitiko yake ni mara mbili. Kasha haliwezi kufunguliwa.

Nikamwambia mhojiwa amefariki, hati hii hapa.

Akageuza fomu nione. Kifungu cha tatu. "Kasha hili halitafunguliwa mpaka wazungumzaji wote wawili wawe wamefariki."

Wote wawili.

Nikasema mzungumzaji ni yeye, mimi nilikuwa mhojaji tu. Akashuka kifungu cha nne, bila haraka. "Kwa madhumuni ya fomu hii, mhojaji ni mzungumzaji sawa na mhojiwa, wala hana haki inayozidi ya mwenzake."

Hayo ni maneno yangu. Nayatambua, yana mdundo wangu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na msimamo mkali. Wakati ule wenzangu walikuwa wanaanika siri za wanawake wazee kwenye makongamano kama nguo kwenye kamba, nami nikaapa kwamba mwandishi asifaidi siri ya mtu, si mhojiwa akiwa hai, si yeye mwenyewe akiwa hai. Nilipewa cheti kwa fomu ile. Vyuo sita vinaitumia. Tanbihi huwafundishia mwaka wa kwanza.

Nikamwambia Bibi mwenyewe alisema akifa yeye, hakunitaja mimi. Akasema huenda, lakini alichosema kimo ndani ya kasha, na kilichoandikwa kiko juu.

Nikauliza kama kuna njia.

Akafikiri kwa makini. Akaniuliza hali ya afya yangu. Kwa heshima kabisa, kalamu mkononi, kama mtu anayepanga ratiba.

Ijumaa, 21 Machi

Kamati. Watu saba, mtungi wa maji, dirisha haliwezi kufunguka.

Nilianza mimi. Nikasema sura ya mwisho ipo, isipokuwa haipo. Mkuu wa idara akauliza kama inaweza kutarajiwa. Nikasema inategemea. Akauliza inategemea nini. Nikasema kifo changu. Mjumbe mmoja aliandika jambo refu.

Akaja Tanbihi. Hakuleta ugunduzi wowote. Alisema Jumanne alishika mkono wa mwanamke aliyesema mambo yake yote kwa lugha isiyo na msikilizaji, na kwamba historia ya miili na imani za watu haina budi kuwa na mahali pa milango iliyofungwa. Akasema msingi wa hoja yake si wake. Akaitoa fomu yangu. Akasoma kifungu cha tatu na cha nne, akasema mtu aliyeandika maneno haya ndiye aliyemfanya awe mwanahistoria.

Walinipigia makofi! Wote saba. Mkuu wa idara alisimama.

Nafasi amepewa yeye.

Mimi nimepewa miezi mitatu ya kufunga mambo yangu, na kalenda yenye picha za majengo ya chuo, ya mwaka huu, ambao robo yake imekwisha.

Jumamosi, 22 Machi

Tumemzika. Watu watano pamoja na mchimba kaburi. Kiongozi wa ibada hakumjua, alisoma jina lake vibaya. Akauliza kama kuna ndugu wa kusema neno. Wakanitazama.

Nikasema kwa lugha ya kwetu. Si taazia, nilisema tu. Sikumbuki vizuri nilichosema. Kuna neno la kuaga ambalo kwetu anayeagwa huitikia, na asipoweza yeye huitikia aliye karibu naye. Nililisema. Nikangoja, kwa mazoea.

Upepo ulikuwa mkali. Tanbihi aliona nimesimama muda mrefu, akaniletea mwavuli, ingawa mvua haikuwepo.

Alhamisi, 27 Machi

Nafungasha vitabu. Binti yangu amenunua pazia la chumba chenye jua. Nitaondoka Juni.

Leo asubuhi Tanbihi amekuja na maboksi na gundi ya karatasi. Amefungasha rafu mbili bila kusema, kwa mpangilio wa karne, jambo ambalo sikumwomba. Kisha akaketi sakafuni kati ya vitabu akaniomba kitu. Nimfundishe lugha ya kwetu. Tuna miezi mitatu, yeye ana jioni zote. Anasema dakika zile kumi na tano zinamsumbua, anaamka nazo. Anasema haifai mtu aseme yote hayo usoni pako, ukamjibu kwa kutikisa kichwa. Alisema ataanza na salamu tu. Alikuja hata na daftari jipya.

Nikamwona! Kumbe ndipo alipokuwa anaelekea!

Hesabu yenyewe ni rahisi. Siku nikifa, kasha linafunguliwa. Yeye ana miaka arobaini na miwili. Atakuwa amekaa kwenye kiti changu, kanda yangu mezani, na lugha yangu kichwani, niliyomfundisha mimi mwenyewe kwa mdomo wangu. Sura ya mwisho itakuwa yake. Hapana. Huyu panya simlishi tena.

Nikamwambia lugha ile haifundishiki.

Akasema basi neno moja. Lile nililosema kaburini, na jibu lake. Alitaka kujua tu mtu huitikiaje.

Nikamwambia nimelisahau.

Akamaliza boksi, akaandika juu yake kwa mwandiko mzuri vilivyomo, akanibusu mkono, akaenda zake. Daftari ameliacha, makusudi bila shaka.

Ushindi! Ushindi wangu wa kwanza mwezi mzima, na ni mkubwa. Waache wafungue kasha. Wakate utepe, wavunje nta, wakae mezani na glavu zao. Watasikia bibi mmoja anacheka, halafu dakika arobaini za sauti. Hawatapata hata neno.

Alipofika mwisho wa korido nimefunga mlango, nikalisema lile neno la kuaga kwa sauti, kuhakikisha kwamba bado ninalo. Ninalo, pamoja na lafudhi yake yote. Hakuna aliyeitikia. Siri iko salama kabisa.